Muulizeni mpangaji kodi ataitoa wapi, msimuulize mume yuko wapi

Mhariri,

Hivi karibuni ulichapisha barua ya msomaji mwenzangu wa Lindi aliyechoshwa na wapangaji wakorofi. Alimaliza kwa kusema nyumba ni mali ya mtu, na mwenye mali hana wa kumuuliza anamweka nani, anamkataa nani na anamtoa lini. Barua ile imezunguka sana kwenye simu za wenye nyumba wa hapa Mtwara, na wapo walioichukua kama hukumu ya mahakama. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, kwa sababu nusu ya aliyoyasema ni kweli na nusu nyingine inaweza kumfikisha mtu barazani.

Mimi ni mwalimu mstaafu na ni mjane. Nyumba yangu iko Magomeni, mjini Mtwara: mbele naishi na wajukuu, na uani kuna vyumba ambavyo marehemu mume wangu alivijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa bandarini. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayoninunulia dawa za presha na kulipa bili ya maji ya MTUWASA. Kwa hiyo asije mtu akadhani nawatetea wapangaji kwa kuwa sijui adha zao. Nazijua. Nimewahi kuachiwa chumba kilichofungwa kwa kufuli la mtu aliyehama usiku, ndani kuna godoro lililooza na chupa tupu, na kodi ya miezi mitatu haijulikani itatoka wapi.

Nianze na nusu iliyo kweli. Mwenye nyumba anayo haki ya kuchagua. Katiba yetu, Ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na mali hiyo kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayosimamia upangishaji, haikumwekea mwenye nyumba orodha ya watu anaolazimika kuwapokea. Wa umri wangu tunaikumbuka ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1984 na mabaraza yake ya nyumba, ambayo yalikuwa na kauli juu ya kiwango cha kodi na juu ya kumtoa mpangaji. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni maelewano. Anayetaka chumba ana hiari ya kunikataa mimi na kodi yangu, nami nina hiari ya kumkataa yeye.

Naweza kumkataa kwa sababu kipato chake hakifikii kodi. Naweza kumkataa kwa sababu wako saba na chumba ni kimoja, na choo cha uani tunakichangia wote. Naweza kumkataa anayetaka kukigeuza chumba cha kulala kuwa ghala la korosho msimu ukifunguliwa, au anayetaka kupikia nipa, ile pombe kali, humo. Naweza kuomba kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa mtaa anakotoka na namba ya simu ya mwenye nyumba wake wa zamani. Watoto wa sekondari wanaokuja kutafuta geto karibu na shule, kama hawajatimiza miaka 18, namwita mzazi aje asaini mwenyewe, kwa sababu mkataba na mtoto hausimami. Hayo yote ni halali, na mwenye nyumba asiyeyauliza asilie baadaye.

Sasa kilichonifanya niandike. Alikuja kwangu binti mmoja muuguzi, ndiyo kwanza amepangiwa kazi katika hospitali ya kanda kule Mitengo. Dalali mbele, yeye nyuma na mtoto mgongoni. Akaniamkia, nikamkaribisha kwenye mkeka. Kabla sijauliza lolote akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba na kunipangia karatasi mbele yangu moja moja: barua ya ajira, hati ya mshahara, nakala ya kitambulisho, na ya mwisho cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hiki cheti cha mtoto cha nini?"

Akasema, "Mama, nyumba ya kwanza waliniuliza baba wa mtoto ni nani. Ya pili wakanitaka nilete kaka au mjomba aje asaini. Ya tatu mama mwenyewe aliniambia wanawake wasio na waume wanamjazia wanaume uani. Nikaona bora nitembee na kila karatasi."

Nikamuuliza kama katika nyumba hizo kuna aliyeitazama hati ya mshahara. Akasema hakuna hata mmoja aliyeifungua ile bahasha.

Nawaomba wenye nyumba wenzangu walitafakari hilo. Mtumishi wa serikali, mshahara unaingia benki kila mwezi, kazi yake inajulikana, ofisi yake inajulikana. Chumba changu ni shilingi 40,000 kwa mwezi na kipato chake kinatosha bila wasiwasi. Mpangaji wa namna hiyo tunamtafuta kwa tochi. Lakini maswali aliyoulizwa yote yalikuwa ya posa, hakuna hata moja la kodi.

Upande wa sheria nitasema kwa uangalifu, maana mimi si wakili. Katiba, Ibara ya 13, inataja mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo: utaifa, kabila, pahala alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Mtoa msaada wa kisheria mmoja aliwahi kunielewesha kuwa katazo lile limewalenga hasa wenye mamlaka ya kisheria na wanaofanya shughuli za dola, kwa hiyo mwenye nyumba mjanja anaweza kusema halimhusu. Sawa. Hata hivyo Sheria ya Ardhi yenyewe, kifungu cha 3, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa masharti yale yale. Na ardhi katika sheria hiyo ni pamoja na jengo lililosimama juu yake. Sheria ya Mikataba nayo inamtaka anayefunga mkataba awe ametimiza umri na awe na akili timamu. Mjomba hatajwi. Huyo mjomba tumemtoa sisi vichwani mwetu.

Na kuna watu ambao sheria imewataja waziwazi, hapo hakuna ujanja. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Fundi cherehani anayetembelea baiskeli ya miguu mitatu alikataliwa chumba mtaa wa pili kutoka hapa kwangu kwa hoja kwamba atachubua sakafu. Sakafu ya saruji! Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi kwa mtu anayeishi na VVU, au anayedhaniwa tu kuwa navyo. Lakini mwenye nyumba mmoja, ambaye sitamtaja wala mtaa wake, alikuta makopo ya dawa za kufubaza VVU kwenye ndoo ya taka ya mpangaji wake, na jioni hiyo hiyo akamwambia atafute pa kwenda kwa kuwa "choo tunachangia". Mpangaji yule alikuwa amelipa kodi hadi mwisho wa mwaka. Alihama kwa aibu kabla ya wiki kuisha, na sehemu ya kodi yake hakurudishiwa. Mhariri, nimefundisha watoto wa darasa la tano kwamba VVU havipatikani chooni, na watoto walinielewa. Inaniuma sana kumkuta mtu mzima mwenye hati ya nyumba haelewi.

Niseme pia kuhusu dini, maana hapo wengi wanachanganya. Mimi ni Mwislamu. Uani kwangu pombe hainywewi wala haiuzwi, na katika jiko la pamoja nguruwe haipikwi. Sharti hilo nimeliandika kwenye mkataba na linamhusu kila anayeingia. Mkristo akilikubali ni mpangaji wangu, na ninao. Mwislamu anayependa pombe ya uraka msimu wa mabibo akatafute kwingine, hata akija na kanzu na tasbihi. Ninachokikataa ni tendo, na tendo hilo nalikataa kwa wote. Lakini dalali anayenipigia simu akaanza na "Bimkubwa, nina mtu, jina lake fulani, vipi, nimlete?" ameshanitaka nimhukumu mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Siku hizi namjibu aniambie mtu huyo anafanya kazi gani na wako wangapi, jina tutalisoma kwenye kitambulisho.

Vivyo hivyo kwa pahala mtu alipotokea. Tangu vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, zianze mwaka 2017, sisi wa mpakani tuna hofu, na hofu hiyo ina sababu, kwani kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mpaka, kilishambuliwa mwaka 2020. Lakini Wamakonde tuko kingo zote mbili za mto Ruvuma. Kijana wa Newala, Mtanzania kwa baba na mama, anafukuzwa mlangoni kwa sababu Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimakonde, na mwenye nyumba anayemfukuza naye ni Mmakonde. Kuna haja gani ya kupima lafudhi? Omba kitambulisho kwa kila mtu, wa Newala na wa Moshi. Asiye raia aonyeshe pasipoti na kibali cha kuishi nchini, maana kumhifadhi aliyeingia kinyume cha sheria ni kosa kweli. Ukiwa na mashaka, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, na Uhamiaji wapo.

Swali la msingi, narudia, ni uwezo wa kulipa. Na hilo hapa kwetu lina maarifa yake, ambayo wenye nyumba wengi tunayo kichwani ila hatuyatumii tunapopangisha. Mkulima wa Tandahimba au Nanyamba anayekuja mjini kumsomesha mtoto hana hati ya mshahara. Anayo stakabadhi ya AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, na fedha zake za mnada wa korosho zinaingia benki kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati mwingine zinachelewa hadi Desemba. Ukimtaka kodi ya miezi sita mwezi wa Mei, wakati anatafuta hela ya salfa ya kupulizia mikorosho, atakopa kwa riba akupe, kisha miezi sita ya pili atakukimbia. Ukimtaka kodi ya mwaka mzima Desemba, atakuja mwenyewe bila kuitwa na mfuko wa korosho za kubangua juu. Kwangu yupo mmoja wa namna hiyo. Tumeandika katika mkataba kuwa kodi ya mwaka italipwa kabla ya tarehe 31 Desemba, na kama mnada wa chama chake umechelewa anipe taarifa kwa maandishi. Hatujawahi kugombana.

Mvuvi ni mtu mwingine kabisa. Kusi ikivuma kwa nguvu, mvuvi wa mashua ndogo anakaa nchi kavu siku nyingi. Bahari ikitulia na dagaa wakija anashika hela kuliko mwalimu mkuu. Huyo kodi ya mwezi mwezi inamfaa, tena tarehe iwe baada ya bamvua, maji makubwa ya bahari. Bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba ana marejesho kila wiki kwa tajiri wake, kwa hiyo muulize kwanza marejesho ni kiasi gani na yamebaki ya muda gani. Ukiona anarejesha karibu kila anachopata, huyo utamkataa kwa haki kabisa, na unaweza kumwambia sababu usoni bila kumdhalilisha. Mkatae mtu kwa hesabu, ataondoka anakusalimia. Mkatae kwa kabila au kwa kukosa mume, ataondoka na donda.

Madalali wametuharibia mengi na tumewaachia wenyewe. Dalali hachukui hasara mpangaji akikorofisha, yeye ameshapata kodi yake ya mwezi mmoja na hela ya kuzungusha watu. Kwake mpangaji mzuri ni yule aliyekuja na fedha nyingi leo. Baadhi yao humwonyesha mtu chumba, akikubali wanampandishia, na mwenye nyumba hana habari. Wenzangu wajue kwamba dalali uliyemtuma ni wakala wako, na aliyoyaahidi au kuyatenda ndani ya kazi uliyompa yanakurudia wewe. Akisema "mama hataki wasio na ndoa", umesema wewe. Na kuna mtindo mpya unaonitisha zaidi: wanapiga picha vitambulisho vya waombaji na kuvirusha kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba na madalali, chini yake wakiandika "huyu msumbufu", "huyu mgonjwa", "huyu ana watoto wengi". Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nakala ya kitambulisho cha mtu umepewa kwa ajili ya mkataba wake. Ikae kwenye faili, na uliyemkataa umrudishie zake.

Sasa nusu ambayo mwenzangu wa Lindi alikosea, ile ya kumtoa mtu utakapo. Hiari ya kuchagua iko kabla ya ufunguo. Ukishapokea kodi na kumkabidhi ufunguo, umeshachagua, na kuanzia hapo mnatawaliwa na mkataba na Sheria ya Ardhi. Nimesikia watu wakijitetea, "Sina mkataba naye, tuliongea tu." Sheria inaruhusu upangishaji wa muda usiozidi mwaka mmoja uwe wa mdomo, kwa hiyo maongezi yale ni mkataba. Kama hamkutaja muda, unahesabiwa kwa kipindi cha kodi, mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka, na notisi ya kuuvunja isipungue kipindi hicho. Hata yasipoandikwa, sheria inamwekea mwenye nyumba ahadi kadhaa: kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa, kwamba nyumba ya kuishi inafaa kuishi binadamu. Mpangaji naye ananiwia kodi, utunzaji, na kuniruhusu niingie kukagua kwa wakati muafaka. Wakati muafaka maana yake si saa nne usiku kuhesabu viatu mlangoni.

Mpangaji akigoma kulipa, andika notisi, mkabidhi mbele ya shahidi, peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata mkasuluhishwe. Ikishindikana liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Najua inachosha. Najua tarehe za baraza zinaahirishwa, na mwenye nyumba anakaa bila kodi huku anakwenda na kurudi. Hapo mwenzangu wa Lindi namwelewa na uchungu wake ni wa haki. Lakini anayeng'oa mlango mpangaji akiwa kazini, au anayeezua bati, au anayemkatia luku, anageuka mshitakiwa katika kesi ambayo angeshinda. Nimemwona mtu, mdai wa kodi ya miezi mitano, akiishia kulipa yeye fidia ya vyombo vilivyonyeshewa mvua.

Na tusijifanye tumesahau yaliyotupata wakati wa gesi. Miaka ile ya 2012 hadi 2014 mji huu ulijaa wageni wa makampuni, na nyumba za Shangani zikaanza kutajiwa bei kwa dola. Walimu na wauguzi waliokaa nyumba moja miaka na miaka walipewa notisi wapishe wenye fedha. Wenye nyumba wengine walichukua mikopo wakapandisha ghorofa. Bomba la gesi likakamilika mwaka 2015, wageni wakaondoka, na majumba yakabaki na mageti yenye kutu. Walimu waliofukuzwa walikuwa wameshahamia Chuno na Ufukoni na wengine wameshajenga kwao. Leo hata hiyo kodi ya dola hairuhusiwi: kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja na kupokea malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Haya namwambia mwenzangu wa Lindi kwa nia njema kabisa, kwa sababu siku mradi wa gesi ya kimiminika utakapoanza kweli pale Likong'o, yatamfika mlangoni. Atakuja mtu na fedha za mwaka mzima mkononi, na uani kwake yupo muuza samaki anayelipa kidogo kidogo ila hajawahi kuacha. Ajue mapema atafanya nini, na kwamba muuza samaki yule naye ana mkataba.

Liko jambo moja ambalo barua yake haikuligusa kabisa: huyo mwenye nyumba ni nani? Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alianza kuleta wapangaji wake na kuchukua kodi, akidai nyumba ni ya ukoo. Hakuwa msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo iliniteua mimi, na siku nilipoonyesha barua ile ndipo wapangaji walipojua wamlipe nani. Mpangaji anayelipa kwa mtu asiye na mamlaka anajiweka pabaya, kwa hiyo naye ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba karatasi zake. Nawaambia pia kina baba: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuipangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mume anayemhoji binti wa watu ndoa yake iko wapi, ahakikishe kwanza mkewe mwenyewe ameshirikishwa.

Ombi langu ni kwa Manispaa ya Mtwara Mikindani na kwa maofisa watendaji wa mitaa. Tengenezeni mkataba wa mfano, wa Kiswahili chepesi, kurasa mbili zinatosha, uwekwe katika kila ofisi ya mtaa ili mtu apate nakala kwa bei ya kutoa kopi. Uwe na nafasi ya kiwango cha kodi na tarehe ya kulipa inayoendana na kazi ya mpangaji, idadi ya watu watakaoishi humo, mgawanyo wa maji na luku, masharti ya nyumba, na muda wa notisi kwa pande zote mbili. Na wenyeviti wetu, ambao ndio mnaogonga muhuri, mwenye nyumba akiwaletea mkataba wenye sharti la "awe ameolewa" au "asainiwe na ndugu wa kiume", msiugonge. Mrudisheni arekebishe. Muhuri ule ni wa serikali ya mtaa, na ninyi ndio mamlaka ambayo Ibara ya 13 inaizungumzia bila utata wowote.

Wakati tunasubiri, mkataba ninaoutumia mimi nimeacha nakala yake katika ofisi ya mtaa wetu, nimeyafuta majina. Mwenye kuuhitaji aende akatoe kopi, na mwenye kuona una kasoro aniandikie hapo hapo pembeni kwa kalamu, nitausahihisha.

Mwalimu mstaafu, mwenye nyumba,
Magomeni, Mtwara